Kisangani: Karani Lumumba alivyoachana na Posta, na katibu wake aliyemngojea bila kumwona tena

Kisangani inamkumbuka Patrice Emery Lumumba kama Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo na shujaa wa taifa. Lakini kabla ya siasa, mtu huyu alikuwa karani wa Posta katika mji huu huu, wakati ulipoitwa Stanleyville. Alitumikia serikali ya Wabeleji kwa karibu miaka 12. Aliandika barua zao, alihesabu fedha zao, aliongoza vyama walivyoviruhusu na kuwasifu katika magazeti waliyoyakubali. Kisha, mwezi Julai 1956, kazi hiyo ikaishia gerezani.

Tarehe 2 Julai 2025 ilitimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwake. Hotuba nyingi juu yake zinaanza tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, zinaishia tarehe 17 Januari 1961, siku aliyouawa. Miaka ya Posta inapitwa haraka, pengine kwa sababu ina kesi ya wizi ndani yake. Lakini asiyeijua miaka hiyo hawezi kuelewa namna mtumishi aliyewaamini wakubwa wake alivyogeuka kuwa mpinzani wao. Vilevile hawezi kuona jambo lingine: kwamba mtu aliyeachwa na mwajiri wake alikuja kuachwa tena na msaidizi wake mwenyewe, na kwamba katibu wake mwingine alibaki hapa Kisangani akimngojea hadi mwisho.

Kijana wa Sankuru anaingia kazini

Lumumba alizaliwa Onalua, katika eneo la Katako-Kombe, Sankuru, mwaka 1925. Alisoma katika shule za misheni, kwanza ya Wakatoliki, halafu ya Waprotestanti, lakini hakufika mbali. Akiwa bado kijana alitoka kwao akaenda kutafuta kazi Kindu, Maniema, ambako makampuni ya madini yalihitaji vijana wanaojua kusoma na kuandika. Mwaka 1944 akafika Stanleyville.

Wakati ule mji uligawanyika wazi. Wazungu walikaa katikati, karibu na mto, kwenye sehemu ambayo leo ni komine ya Makiso. Waafrika walikaa pembeni, na kila asubuhi waliingia mjini kufanya kazi. Kijana mwenye Kifaransa kizuri na mwandiko safi alikuwa na njia moja tu ya kupanda: kuwa karani. Hakuweza kuwa daktari, wala mwanasheria, wala mkubwa wa wilaya. Chuo kikuu cha kwanza cha Kongo, Lovanium, kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954 tu, na Lumumba alikuwa amekwisha kuwa baba wa watoto.

Akaingia katika kazi ya serikali. Mwaka 1947 alitumwa Léopoldville kusoma shule ya Posta, akarudi Jimbo la Mashariki. Alifanya kazi kwa muda Yangambi, kwenye kituo kikubwa cha uchunguzi wa kilimo, kisha akarudishwa Stanleyville. Huko akawekwa kwenye huduma ya sheki za posta, yaani mahali ambapo watu na makampuni waliweka na kutoa fedha kupitia Posta. Ilikuwa kazi ya kuaminiwa. Karani wa sheki za posta anashika vitabu vya hesabu, anaona fedha za wengine zikiingia na kutoka kila siku, na mwisho wa mwezi anapokea mshahara wake mdogo.

Mtumishi aliyewaamini wakubwa

Mtu akisoma maandishi ya Lumumba ya miaka ile, anaweza kushangaa. Hayana hasira. Aliandika katika *La Voix du Congolais*, gazeti la watu waliosoma lililokuwa chini ya macho ya serikali. Aliongoza *L'Écho postal*, gazeti dogo la wafanyakazi wa Posta. Aliomba Wakongomani wenye elimu watendewe kwa heshima, walipwe vizuri, wasichanganywe na watu ambao hawajasoma. Hakuomba uhuru. Aliwaona Wabeleji kama wakubwa wanaoweza kurekebishwa kwa maneno mazuri.

Aliingia vyama vingi, na mara nyingi alikuwa ndiye katibu au mwenyekiti. Aliongoza chama cha waevolue wa Stanleyville, na katika jimbo aliongoza APIC, chama cha wafanyakazi wenyeji wa serikali ya koloni. Usiku aliandika barua na kumbukumbu za mikutano, mchana alikuwa nyuma ya dirisha la Posta. Waliomjua walimsema kuwa mtu asiyelala.

Mwaka 1954 alipata kadi ambayo watu wachache sana Kongo walikuwa nayo, ile iliyomfanya ahesabiwe mbele ya sheria karibu sawa na Mzungu. Sheria ya kadi hiyo ilitoka mwaka 1952. Ili kuipata, mtu alichunguzwa mpaka nyumbani: anakula namna gani, anaishi na mke mmoja, watoto wanalala wapi, kuna vitabu gani. Lumumba alikataliwa kwanza, akadai tena, akapewa. Kwa nchi nzima yenye watu zaidi ya milioni 12, waliopata kadi hiyo walikuwa mamia machache tu.

Mwaka uliofuata, 1955, Mfalme Baudouin wa Ubeleji alitembelea Kongo. Alipofika Stanleyville, Lumumba aliweza kuzungumza naye katika bustani ya gavana, mbele ya Wazungu waliokodoa macho. Kwa karani wa Posta hiyo ilikuwa heshima kubwa. Baadaye Waziri wa Makoloni, Auguste Buisseret, akawaalika Wakongomani kadhaa watembelee Ubeleji, na Lumumba akawa mmoja wao. Mwaka 1956 alipanda ndege, akaona Brussels, akaona Wazungu wanaofagia barabara na kubeba mizigo. Aliporudi, polisi walikuwa wanamngojea.

Faranga 126,000

Mashtaka yalikuwa haya: akiwa karani wa sheki za posta, Lumumba alichukua fedha za wateja zinazofikia karibu faranga 126,000. Kwa thamani ya wakati ule zilikuwa kama dola 2,500. Alikamatwa mwanzoni mwa Julai 1956, akahukumiwa mwaka 1957.

Hakukana kwamba fedha zilipitia mikononi mwake. Alijitetea kwamba alizichukua kama mkopo, kwamba alikuwa na nia ya kuzirudisha, na kwamba mshahara wake haukutosha kwa maisha ambayo wakubwa wenyewe walimtaka aishi. Hapo ndipo kesi hii inapoacha kuwa ya mtu mmoja.

Mwevolue alitakiwa avae koti na tai, awe na nyumba yenye meza na viti, anunue vitabu na magazeti, awasomeshe watoto, awapokee wageni kama Mzungu. Lakini alilipwa kama mwenyeji. Wafanyakazi wa serikali ya koloni walikuwa na madaraja mawili yaliyotengwa: moja la Wazungu, lingine la Waafrika. Watu wawili waliweza kukaa katika biro moja, wakaandika karatasi zile zile, na mmoja akapokea mara nyingi zaidi ya mwenzake. APIC ilidai kwa miaka mingi mfumo mmoja kwa wote. Ulikuja mwaka 1959 tu, uhuru ulipokuwa tayari mlangoni.

Hayo yanaeleza kosa, hayalifuti. Fedha zilikuwa za wateja, na kati ya wateja wa Posta walikuwemo Waafrika wenzake. Lumumba mwenyewe alilijua hilo. Jambo linalogusa zaidi ni namna mji ulivyomjibu: wenzake wa Stanleyville walichangishana fedha ili deni lilipwe. Watu wa mishahara midogo walitoa faranga zao kulipa deni la karani mwenzao. Baada ya rufaa na kupunguziwa adhabu, alitoka gerezani mwezi Septemba 1957, akiwa amefungwa zaidi ya mwaka mmoja.

Wapo waliosema kwamba kesi ilikuwa na siasa ndani. Waziri Buisseret alikuwa mliberali aliyefungua shule za serikali zisizo za misheni, na alikuwa na maadui wengi Kongo kati ya Wabeleji wenyewe. Lumumba alijulikana kuwa upande wake. Wazungu wengi wa Stanleyville hawakufurahia kumwona karani mweusi akialikwa na waziri. Lakini hata bila siasa, upungufu katika vitabu vya hesabu ungetosha kumpeleka mahakamani. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli pamoja.

Kitabu kutoka gerezani

Mtu aliyefukuzwa kwa aibu namna hiyo angeweza kuwatukana waliomfukuza. Lumumba alikaa gerezani akaandika kitabu kirefu juu ya Kongo na mustakabali wake, akikitayarisha kwa wachapishaji wa Brussels. Kitabu hicho, *Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé?*, kilitoka mwaka 1961, mwandishi akiwa amekwisha kuuawa. Wasomaji waliotegemea kukuta humo yule Lumumba wa hotuba ya uhuru walimkuta mtu mwingine: mtumishi anayeomba kwa adabu, anayeamini bado kwamba Wabeleji na Wakongomani wanaweza kuishi kama jamii moja, mradi ubaguzi uondolewe.

Ndiyo maana kuachana kwake na serikali ya koloni hakukumalizika siku aliyokamatwa. Mwili ulitolewa Posta mwaka 1956, lakini moyo ulichelewa. Barua ya kuachishwa kazi inafika siku moja. Kuacha kumtetea mkubwa wako kunachukua miezi, hata miaka. Watu wengi waliofanya kazi kwa muda mrefu kwa bwana mmoja wanalijua jambo hili.

Alipotoka gerezani, Stanleyville haikuwa tena na nafasi kwake. Akaenda Léopoldville, akaajiriwa na kampuni ya bia ya Bracongo, akapewa kazi ya kutangaza na kuuza bia ya Polar. Alizunguka baa za mji mkuu, alizungumza na watu wa kila kabila, alijifunza kuwashika wasikilizaji. Mapato yake yalipita yale ya Posta. Oktoba 1958 alikuwa kati ya waliounda chama cha MNC, na Desemba mwaka huo alikwenda Accra, Ghana, kwenye mkutano wa Waafrika ulioitishwa na Kwame Nkrumah. Aliporudi, hakuomba tena kadi wala mshahara sawa. Alidai uhuru.

Mwishoni mwa Oktoba 1959 alirudi Stanleyville kwa mkutano wa chama chake. Vurugu zikatokea, askari wakapiga risasi, zaidi ya watu 20 wakafa. Lumumba akakamatwa tena, akahukumiwa miezi 6 mwezi Januari 1960. Safari hii hakukaa muda mrefu. Wakongomani waliokuwa Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Mviringo walikataa kuendelea bila yeye, Wabeleji wakamtoa gerezani wakampeleka kwa ndege. Miezi mitano baadaye karani wa zamani wa sheki za posta akawa Waziri Mkuu.

Msaidizi aliyegeuka

Sasa Lumumba alikuwa ndiye mkubwa, na alihitaji watu wa karibu: wa kuandika barua, kupanga mikutano, kupokea simu, kutunza siri. Mmoja aliyemwamini sana alikuwa Joseph-Désiré Mobutu, sajini wa zamani wa jeshi la koloni aliyekuwa mwandishi wa habari. Mobutu alikuwa Ubeleji kwa masomo, akawa mtu wa MNC huko Brussels. Mwezi Juni 1960 Lumumba alimpa cheo cha Katibu wa Serikali katika ofisi ya Waziri Mkuu. Jeshi lilipoasi mwezi Julai, akamfanya kanali na mkuu wa wafanyakazi wa jeshi.

Watu walimwonya Lumumba. Hakusikia. Tarehe 14 Septemba 1960, miezi miwili na nusu baada ya uhuru, Mobutu alitangaza kwenye redio kwamba anawaweka pembeni wanasiasa wote, Rais Kasa-Vubu pamoja na Lumumba. Mahali pa serikali akaweka Baraza la Makamishna, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu. Hata Damien Kandolo, aliyekuwa mkuu wa biro ya Lumumba, alionekana upande wa makamishna. Kasa-Vubu akaelewana na Mobutu. Aliyebaki nje ni Lumumba, amefungiwa nyumbani kwake, askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda na askari wa Kongo wakimzunguka nyuma yao.

Waswahili wanasema asante ya punda ni mateke. Mobutu aliletwa karibu na Lumumba, alipewa cheo na Lumumba, aliingizwa jeshini na Lumumba. Lumumba mwenyewe aliachwa na Posta kwa sababu ya upungufu katika hesabu. Mobutu alimwacha Lumumba bila upungufu wowote wa hesabu kati yao.

Katibu aliyebaki Stanleyville

Lakini alikuwepo mwingine. Bernard Salumu, mwanachama wa MNC wa Stanleyville, alikuwa amefanya kazi kama katibu wa Lumumba. Baada ya uhuru alipata cheo katika utawala wa hapa. Wakati watu wa Léopoldville walipokuwa wakihamia upande wenye nguvu, Salumu alibaki upande wa bwana wake. Antoine Gizenga, makamu wa Lumumba, alifika Stanleyville mwezi Novemba, na mji ukaanza kujitayarisha kumpokea Waziri Mkuu wake.

Katika wiki hizo hizo Lumumba alipata msiba mwingine: mtoto wake mchanga wa kike, aliyepelekwa Uswisi kwa matibabu, alifariki. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960, mvua ikinyesha, alitoka nyumbani kwake Léopoldville akiwa amejificha ndani ya gari. Alitaka kufika Stanleyville. Hapa alikuwa na watu wake, askari waliomtii na mji uliomjua tangu akiwa karani.

Safari ilikuwa ya siku kadhaa kwenye barabara mbaya, kupitia Kwilu hadi Kasai. Kila kijiji kilimtambua, kikataka aseme neno. Alisimama, akasema. Masaa yalipotea. Kwa masimulizi mengi, alipofika mto Sankuru, pale Lodi, alikuwa amekwisha kuvuka, lakini mkewe Pauline na mtoto wao mdogo walikuwa bado ng'ambo wakati askari waliomfuata walipotokea. Akarudi. Alikamatwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba, akarudishwa Léopoldville. Alipofikishwa kwenye kambi ya Binza askari walimpiga, Mobutu akiwepo anaangalia. Kesho yake akapelekwa gereza la kambi ya Thysville, mji ambao leo ni Mbanza-Ngungu.

Habari ilipofika Stanleyville, Salumu hakulia kimya. Alitoa onyo kwa Umoja wa Mataifa: Lumumba asipoachiliwa ndani ya masaa 48, Wabeleji waliomo mjini watakamatwa, na baadhi watauawa. Masaa yakapita. Lumumba hakuachiliwa. Onyo hilo halikumsaidia bwana wake, na liliwatia hofu watu ambao wengi wao hawakuhusika na kukamatwa kwake. Uaminifu kwa mtu mmoja, ukichanganyika na hasira, unaweza kugeuka hatari kwa wengine. Kisangani iliona hilo mwaka 1960, ikaliona tena kwa ukali zaidi mwaka 1964, wakati wa Wasimba, watu walipouawa mbele ya mnara uliokuwa na jina la Lumumba.

Tarehe 12 Desemba 1960 Gizenga alitangaza kwamba serikali halali ya Kongo iko Stanleyville. Ilikuwa serikali ya kumngojea mtu. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipelekwa kwa ndege hadi Elisabethville, Katanga, na usiku ule ule wakauawa. Mji wa Stanleyville uliendelea kungojea kwa karibu mwezi mzima bila kujua. Tangazo la kifo lilitoka tarehe 13 Februari. Katika mwezi huo huo Jean-Pierre Finant, rais wa kwanza wa Jimbo la Mashariki na mtu wa Lumumba, aliuawa Bakwanga, mji ambao leo unaitwa Mbuji-Mayi.

Miaka mitano baadaye, tarehe 30 Juni 1966, Mobutu, ambaye sasa alikuwa Rais, alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Mwaka huo huo jina la Stanleyville likafutwa, mji ukawa Kisangani.

Hesabu ya mwisho

Habari hii ina maana pia kwa wafanyakazi wa leo wa Tshopo, hasa wale wanaokaa mlangoni mwa wakubwa: makatibu wa biro, makarani wa fedha, wanaopanga karatasi na kujua siri za kazi. Wengi hufanya miaka 10 au 20 kwa mtu mmoja, wakidhani kwamba ukaribu ni ulinzi. Siku ya kuachana, wanagundua kwamba hakuna karatasi iliyoandikwa, au kwamba mwenzao wa jana ndiye anayewasukuma nje.

Kwa wanaofanya kazi chini ya mikataba ya kawaida, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema wazi. Mwajiri anayevunja mkataba usio na kikomo lazima awe na sababu halali na atoe notisi isiyopungua siku 14 za kazi, kisha aongeze siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili uliotumikiwa. Aliyefanya miaka 12, kama Lumumba katika kazi ya serikali ya koloni, angepata notisi ya siku 98 za kazi. Mfanyakazi akiondoka kwa hiari yake, anadaiwa nusu ya muda huo. Kosa zito, kama kuchukua fedha za kazi, linaweza kumfanya apoteze notisi yote. Wafanyakazi wa serikali wana sheria yao ya peke yao.

Hesabu hiyo ni rahisi kufanya kwenye karatasi kuliko kuidai. Mshahara unapochelewa miezi, karani mwenye sanduku la fedha mbele yake anakutana na jaribu lile lile la mwaka 1956: kukopa kidogo leo, kurudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi unakuja bila fedha. Wenzake Lumumba walichangishana wakalipa deni lake, lakini kazi hawakuweza kumrudishia.

Lumumba mwenyewe alifika Kisangani baadaye sana. Mwili wake uliharibiwa kwa tindikali na polisi Wabeleji, ikabaki jino moja, lililowekwa Ubeleji kwa miaka mingi. Tarehe 20 Juni 2022, Brussels, jino hilo likarudishwa kwa watoto wake. Likawekwa ndani ya jeneza, likazungushwa nchini: kwao Sankuru, Kisangani, Lubumbashi, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Wakaaji wa Kisangani walitoka barabarani kupokea jeneza hilo, katika mji ambao karani wa Posta alijaribu kuufikia mwaka 1960 na ambao katibu wake alimngojea humo bure.